Kila farasi "anaweza", na aliyeshinda "ameweza"

SWALI: Katika mbio za farasi zilizoonyeshwa kwenye televisheni, mtangazaji alisema, "Na sasa farasi zimeweza kutoka getini." Mchambuzi aliyeketi naye akadakia, "Ndiyo, farasi wameweza kutoka vizuri." Mwishoni tukaambiwa kwamba mshindi ameshinda "kwa urefu mbili". Naomba ufafanuzi: ni farasi zimetoka au farasi wametoka? Na "urefu mbili" ni Kiswahili?

JIBU: Ni farasi wametoka. Jina farasi tumelipata kutoka Kiarabu, kama tulivyopata huko lijamu na hatamu, lakini lilipoingia katika Kiswahili lilichukua upatanisho wa viumbe wenye uhai, sawa na simba, ng'ombe na mbuzi, ijapokuwa umbo lake halibadiliki katika wingi. Kwa hiyo farasi huyu anakimbia, farasi hawa wanakimbia. Anayesema farasi zinakimbia ameongozwa na umbo la jina akasahau kwamba anamtaja mnyama. Penye nafasi ni kwenye vimilikishi tu: wapo wasemaji wazuri wanaosema farasi zangu, kama sote tunavyosema rafiki zangu na ndugu zangu, na hao siwakosoi.

Ama "urefu mbili", hapana. Kinachohesabiwa si urefu bali ni farasi. Kipimo chenyewe ni mwili wa farasi kuanzia puani hadi mkiani, takriban mita 2.4, kwa hiyo mshindi ameshinda kwa urefu wa farasi wawili. Wakiachana kwa umbali mdogo kuliko urefu wa farasi mmoja, husemwa ameshinda kwa shingo, kwa kichwa au kwa pua, na lugha yetu inavibeba vipimo hivyo bila taabu yoyote.

Hayo ndiyo uliyouliza. Sasa naomba uzitazame tena sentensi mbili ulizozinukuu. Umeiona zi- na umeiona wa-, ukazipima kwa haki, lakini katikati ya sentensi zote mbili limeketi kosa kubwa kuliko hilo nawe ukalipita: zimeweza kutoka, wameweza kutoka. Sikulaumu. Kitenzi hiki kimetapakaa katika utangazaji wa michezo kiasi kwamba sikio limeacha kukisikia, na ndiyo sababu nakishika leo.

Kuweza ni kitenzi chenye kazi. Hueleza uwezo: mtoto anaweza kusoma. Hueleza jambo lisilo na hakika: mvua inaweza kunyesha. Huomba ruhusa: naweza kuingia? Na kikiwa katika hali timilifu, ameweza, hudai kitu cha ziada, nacho ni kwamba palikuwapo kizuizi, kwamba jambo lenyewe lingeweza kushindikana, na kwamba aliyelitenda amelitenda licha ya kizuizi hicho. Mgonjwa aliyelala kitandani kwa muda mrefu ameweza kusimama. Hapo kila silabi imelipiwa. Lakini mbio za farasi za uwanda mtupu, yaani zisizo na viunzi vya kuruka, zinapoanza, malango yote hufunguka kwa wakati mmoja, kwa mtambo, na kila mnyama hupata njia wazi mbele yake. Wametoka, basi. Kama mmoja amegoma, amechelewa au ameinua miguu ya mbele ndani ya lango kisha akatoka, huyo mmoja ameweza kutoka, na mtangazaji aliyewafunga wote katika kitenzi hicho amelinyang'anya neno uwezo wa kumtofautisha.

Katika mbio zenyewe kosa hili lina gharama inayopimika. Farasi wa mbio akiwa katika shoti kamili hufikia kama kilomita 60 kwa saa, yaani karibu mita 17 kila sekunde. Tamka amempita: silabi tano. Tamka ameweza kumpita: silabi nane. Wapo pia wanaosema, nami nimewasikia kwa masikio yangu, ameweza kuweza kumpita, silabi kumi na moja. Hizo sita za ziada, hata kwa ulimi mwepesi, hula karibu sekunde nzima, na ndani yake farasi anayesemwa amekwenda zaidi ya mara tano ya urefu wake mwenyewe. Mtangazaji anapokamilisha sentensi, aliyepitwa huenda amekwisha kurudi mbele. Mtazamaji anaona kioo kikisema hivi na sauti ikisema vile, na hapo utangazaji umekuwa kelele juu ya picha. Kiswahili kimejaliwa kitenzi kinachobeba mtenda, wakati na mtendwa katika neno moja fupi, amempita, wanamkaribia, kamwacha, na lugha chache zimeandaliwa vizuri hivyo kwa kazi ya kufuatisha mbio. Kulivunja neno kama hilo ili kupachika kuweza ni kutupa silaha yako mwenyewe kabla ya vita.

Tugeukie wachambuzi, kwa maana mtangazaji ana udhuru wa haraka, ilhali mchambuzi hana. Yeye husema kabla ya mbio na baada ya mbio, ameketi, na amepewa muda wa kufikiri.

Chukua Kentucky Derby, mbio mashuhuri za Marekani, ile ya tarehe 7 Mei 2022 katika uwanja wa Churchill Downs, mbio za mita zipatazo 2,000 zilizokuwa na farasi 20. Alishinda Rich Strike, farasi aliyeingizwa katika orodha siku moja tu kabla ya mbio baada ya mwingine kuondolewa, na ambaye dau lake lilikuwa 80 kwa 1, yaani karibu hakuna aliyemtarajia kushinda. Sasa iweke mezani sentensi ambayo mchambuzi wa aina hii angeitoa: "Rich Strike ameweza kushinda." Imeniambia nini? Kwamba alikuwa na uwezo wa kushinda, jambo ambalo kushinda kwenyewe kumelithibitisha. Ukiongeza, kama wanavyopenda, "ameweza kupambana, ameweza kujituma, ameweza kupata matokeo", umeongeza vitenzi vitatu na hujaongeza habari hata moja. Mtazamaji aliyeona kwa macho yake farasi asiyetajwa akichomoka upande wa ndani na kuwapita Epicenter na Zandon, farasi waliokuwa wakiongoza, karibu na mstari ana swali moja tu: imekuwaje?

Na jibu lilikuwapo, tena lilikuwa limeandikwa kwenye saa. Robo maili ya kwanza ya mbio zile ilikimbiwa kwa sekunde 21.78, kasi ambayo haikuwahi kuonekana katika robo ya kwanza ya Derby hiyo. Waliokuwa mbele walijimaliza mapema. Rich Strike alikuwa karibu na mkia wa kundi, nguvu zake akiwa nazo bado, na waliomtangulia walipoanza kuchoka, mpanda farasi wake akamtafutia njia katikati yao hadi kwenye ukingo wa ndani. Mbio za sakafuni huishia ukingoni: methali tunayo, ni ya maneno manne, na ingeieleza Derby ile kuliko dakika kumi za kuweza. Mchambuzi angesema, "Waliotangulia walikwenda kasi mno mwanzoni, yeye akasubiri, wakachoka, akawapita." Hakuna kuweza hata kimoja humo, na mtu ambaye hajawahi kumgusa farasi angeelewa.

Unaona kwamba ubaya wa kitenzi hiki hauishii kwenye sarufi. Kinakaa mahali pa sababu. Mchambuzi akiwa nayo sababu huitaja. Asipokuwa nayo husema ameweza, na sentensi husimama wima kana kwamba ina kitu ndani.

Kabla ya mbio hali ni mbaya zaidi, maana hapo hutumika njeo nyingine: anaweza. Nambari moja anaweza kushinda. Nambari nne naye anaweza kufanya vizuri. Nambari saba, tusimsahau, anaweza kutushangaza. Ukisikiliza hadi mwisho, orodha nzima inaweza, na mchambuzi hawezi kukosea. Lakini kazi aliyopewa ni kupambanua. Atuambie kwamba huyu hajawahi kukimbia zaidi ya mita 1,600 na leo anapelekwa mita 2,400. Kwamba yule hupenda ardhi kavu na uwanja umelowa. Kwamba fulani amepangiwa lango la nje kabisa na kona ya kwanza iko karibu. Kwamba katika mbio hizi walio bora hubebeshwa uzito mkubwa ili kuwasawazisha na wenzao, na tofauti ni kilo kadhaa. Kisha aseme: kwa hiyo namwona fulani akishinda. Akikosea, amekosea kwa heshima, kwa sababu ametupa kitu cha kupima.

Uzito huo si jambo dogo, na upo mfano ambao kila mchambuzi wa mbio hizi angepaswa kuujua. Mwaka 1973, katika Grand National, mbio za kuruka viunzi huko Aintree, Uingereza, farasi aitwaye Crisp alibeba uzito wa juu kabisa, kilo 76, akaongoza kwa mbali kupita kiasi katika safari ya zaidi ya kilomita 7 yenye viunzi 30. Nyuma yake alikuwa Red Rum, aliyebeba pungufu ya hapo kwa kilo zipatazo 10. Baada ya kiunzi cha mwisho Crisp akaanza kuyumba, na Red Rum akampita hatua chache kabla ya mstari. Aliyekuwa mgongoni mwa Crisp, Richard Pitman, baadaye akawa mchambuzi wa BBC, na mbio zile amezieleza mara nyingi kama inavyostahili kuelezwa: uzito ulikuwa mkubwa, njia ilikuwa ndefu, na yeye mwenyewe alikosea kuinua mjeledi wakati farasi alihitaji kushikwa kwa mikono miwili asiyumbe. Katika maelezo hayo kuna chanzo, kuna kosa na kuna mkono uliolitenda. Mweke hapo mchambuzi wetu atwambie kwamba Crisp hakuweza na Red Rum aliweza, uone kilichobaki.

Nisije nikaeleweka kwamba nakifukuza kitenzi chenyewe. Mahali pake pako, na katika mbio za farasi sijui panapokifaa kuliko Aintree mwaka 1967. Kwenye kiunzi cha 23, farasi mmoja aliyekwisha kumwangusha mpanda wake alikatiza mbele ya wenzake, na karibu kundi zima likarundikana: wengine walianguka, wengine wakagoma, wengine wakageuka nyuma. Foinavon, farasi wa dau la 100 kwa 1, alikuwa mbali nyuma, na umbali huo ukampa John Buckingham, mpanda wake, nafasi ya kuona upenyo. Foinavon aliweza kuruka. Ndiyo, aliweza, kwa maana kamili ya neno, kwa sababu kizuizi kilikuwapo, wenzake kiliwashinda, na yeye akakivuka kwa jaribio la kwanza, akaenda zake peke yake hadi ushindi. Michael O'Hehir, mtangazaji wa Ireland aliyekuwa akiieleza sehemu hiyo ya njia, alimtambua katikati ya vurugu ile na kumtaja kwa jina papo hapo, farasi ambaye hakuna aliyekuwa akimwangalia. Mtangazaji aliyekwisha kulitumia ameweza mara arobaini kabla ya kiunzi cha 23 angefika pale akiwa hana neno.

Najua udhuru unaotolewa: kwamba Kiswahili hakina msamiati wa farasi, ndiyo maana wasemaji wanajazia. Si kweli. Farasi anayekwenda kasi kamili anakwenda shoti. Anayekwenda mwendo wa mdundo, kati ya kutembea na kukimbia, anakwenda matiti. Na telki imo kamusini kwa mwendo wa haraka wenye hatua za mfululizo. Tandiko tunalo, kikuku cha kukanyagia tunacho, hatamu, lijamu, mjeledi na kwato pia. Mpanda farasi analegeza hatamu au anaikaza, na katika vitenzi hivyo viwili pekee umo uchambuzi mwingi kuliko katika vipindi vizima nilivyovisikiliza. Kinachokosekana ni mtangazaji kukaa na kamusi jioni ya kuamkia mbio, pamoja na orodha ya majina na rangi za mavazi ya wapanda farasi, akavisoma hadi viwe ulimini.

Sina ugomvi na joki, wala treki, wala fainali. Maneno hayo yamekuja na mchezo na yatakaa. Hata "lakini pia", inayosemwa siku hizi mahali ambapo hakuna lakini yoyote, nimechoka kuipinga. Sikio langu huipita kimya na naona haimdhuru sana mtazamaji. "Ambaye kwamba" naikataa, ila angalau maana hufika. Lakini mwezi huu nimemsikia msemaji wa televisheni, farasi amejikwaa kwenye kiunzi na mpanda wake yuko chini mbele ya kwato za wengine, akitangaza kwamba "farasi huyu ameweza kuanguka". Hilo silisamehi. Ameanguka. Tuambie ni nani aliyeanguka, kama ameinuka, na kama mtu wake anasogea.