Mtoto anaimba ba be bi bo bu, ila kusoma neno hawezi

Mkuu, umesema kijana wako wa darasa la kwanza anazimwaga silabi zote bila kukosea, ila ukimwandikia "kiberiti" anakodoa macho. Wangu wa pili alikuwa hivyohivyo mwaka jana, na nilichelewa kugundua kwamba alikuwa haisomi ile mistari, anaiimba. Nilipoziba mstari kwa kiganja nikamwachia "bo" peke yake, alianza kimoyomoyo ba, be, bi mpaka akaifikia.

Kwa hiyo vuruga huo mpangilio. Mimi nilikata boksi vipande, kila kipande silabi moja, tukawa tunapanga majina ya vitu anavyovishika: sa-bu-ni, su-ka-ri, ki-ti. Kiswahili chenyewe kinatubeba hapa, irabu ni 5 tu na kila moja ina sauti yake. Kama shuleni anasoma na Kiingereza, mwambie wazi kwamba kwenye Kiswahili i ni i, siyo "ai". Wangu alishawahi kusoma "kiti" akasema "kaitai", na haukuwa uzembe.

Kazi kubwa iko kwenye m na n zikitangulia herufi nyingine. Kila siku aliandika "buzi". Nilimfokea, na hilo najutia, maana mtoto wa watu alikuwa haisikii hiyo m. Siku moja nikamwambia abane pua aseme "mbuzi". Ikatoka "buzi". Akaachia pua, m ikarudi! Alirudia mara kumi huku anacheka, na tangu hapo akitaka kuandika ndizi au nguo utamwona kidole kinaenda puani kwanza.

Kupiga makofi, kofi moja kwa kila silabi, nako kunasaidia sana. M-to-to ni matatu, mbu-zi mawili. Mbwa je? Mawili pia, m-bwa, kwa kuwa m yake inasimama peke yake. Ng'ombe ilitusumbua zaidi. Tulikaa tunapokezana, mimi "ngoma" yeye "ng'ombe", mpaka sikio lilipozitenganisha ndipo akaacha kuisahau ile alama.

Dakika 10 baada ya chakula zinatosha, akichoka muache.

Juzi nimekuta kikaratasi mezani: "mama chunvi imeisha". Kalamu nyekundu sikuigusa. Nilimpa pakiti tupu ya chumvi, akailaza kando ya maandishi yake, akapitisha kidole herufi kwa herufi, akaifuta n mwenyewe.