Jibu: Ngano ya baridi inakufa yote kwenye friza

Waalaykum salaam, ndugu wa Chake Chake. Miche yako ya ngano ya majira ya baridi imekufa yote ulipoijaribu kwenye friza, kwenye nyuzi -8. Kwanza angalia taa ya friji unamoizoeza baridi kabla ya friza. Mche uliokulia kwenye joto letu haujajiandaa: upe wiki 3 hadi 4 kwenye nyuzi 2–4, tena na mwanga, ili mche ulimbikize sukari na kuongeza mafuta yasiyoganda haraka kwenye utando wa seli. Friji ukiifunga ni kiza kitupu! Umeme ukikatika ikapata joto, ustahimilivu hupungua.

Kisha, kwenye friza, shusha joto nyuzi 2 kwa saa. Kwenye -3 gusisha mche chembe ya barafu, la sivyo maji huchelewa kuganda, halafu huganda ghafla ndani ya seli. Yeyusha kwenye 4. Majani yakiungua kwa baridi usiung'oe mche; angalia kitako (sehemu ya chini ya shina, juu ya mizizi) kama kinachipua.