Mwalimu Gundi Anajibu: "Changu Kilikuwa Kinaangalia Nyuma"

Barua za mwezi huu zinauliza karibu jambo moja kwa maneno tofauti: mtoto yuko nyumbani, hajafika umri wa darasa la kwanza, tumpe kazi gani ya mikono asije akatupandia ukutani? Nimechagua sita. Kwa mnaokutana nami leo, nilifundisha chekechea miaka 26, na jina la Gundi nilipewa na watoto wenyewe. Walisema vidole vyangu vinanata.

Shikamoo Mwalimu. Binti yangu ana miaka mitatu na nusu. Juzi nilikesha nikimkatia karatasi za kutengeneza kipepeo: mabawa, madoa, papasi, kila kitu. Asubuhi akabandika bawa moja, akalimwagia gundi yote, akaondoka. Dakika nne tu! Je, mwanangu hana utulivu?
*Mama Kipepeo*

Marahaba, mwanangu. Binti yako hana tatizo lolote. Kipepeo ulimtengeneza wewe usiku, yeye akaachiwa kubandika. Kazi aliyobakishiwa ilikuwa ya dakika nne, na ameimaliza kwa wakati wake.

Usidhani nakucheka. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikata vifaranga 24 vya karatasi ya manjano, nikawapa watoto wavibandike macho. Mmoja aliweka macho mkiani, mwingine aliweka matatu upande mmoja. Watoto walipoondoka nilibaki darasani nikiyabandua macho na kuyarudisha "mahali pake". Kesho yake vifaranga vyote vilikuwa ukutani, vimejipanga kama askari kwenye gwaride. Kijana mmoja akasimama mbele yake muda mrefu, kisha akaniuliza cha kwake kiko wapi. Nikamwonyesha kilichoandikwa jina lake. Akatikisa kichwa. "Hicho si changu. Changu kilikuwa kinaangalia nyuma."

Sikuwa na jibu. Nilichofanya ni kuacha kuwakatia.

Kwa hiyo safari hii usimletee kipepeo. Mwekee mezani karatasi moja ngumu, gundi ya kijiko kimoja ndani ya kifuniko (chupa nzima usimpe, utajilaumu), brashi fupi, na sahani ya vitu vya kubandika: magazeti ya zamani, vipande vya kitambaa, nyuzi, majani makavu. Magazeti ayachane mwenyewe. Kuchana karatasi si uharibifu. Mikono miwili inavuta kila mmoja upande wake huku vidole vikibana, na huo ndio mwanzo wa kutumia mkasi. Kisha keti karibu naye ufanye shughuli zako. Akikuletea kazi yake, usimuulize "Hiki ni nini?" maana huenda si kitu. Mwambie, "Hebu nisimulie." Na vifaa hivyohivyo vitoe tena kesho na keshokutwa. Sisi wakubwa ndio tunaochoka kurudia.

Kuhusu utulivu, nitakupa kisa kimoja. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Rome mwaka 1907, alimwona binti wa miaka kama mitatu akichomeka na kuchomoa mitungi midogo ya mbao kwenye matundu yake. Alirudia zaidi ya mara 40. Wakawaimbisha wenzake, hakugeuka. Wakamwinua na kiti chake wakamweka juu ya meza, akaipakata mitungi yake akaendelea. Huyo naye alikuwa wa umri wa binti yako.

Mwalimu, udongo wa kuchezea wa dukani unakauka kabla ya wiki kuisha. Naweza kuutengeneza nyumbani? Tatizo, mkubwa ana miaka minne lakini mdogo wake ana miezi 14 na kila kitu anakipeleka mdomoni.
*Mama wa Wawili*

Upike mwenyewe, hutarudi dukani. Unga wa ngano kikombe 1, chumvi nusu kikombe, maji kikombe 1, mafuta ya kupikia kijiko 1 cha mezani. Rangi ya chakula ukitaka. Koroga vyote vikiwa baridi mpaka mabuja yaishe, ndipo ubandike kwenye moto mdogo. Usiache kukoroga. Kwanza utaona uji, halafu utaona kitu cha kukatisha tamaa, halafu ghafla kinajikusanya na kuachana na sufuria. Ipua. Kikipoa kiasi cha kushikika, ukande mpaka uwe laini kama ncha ya sikio. Ufungie kwenye kopo lisilopitisha hewa, utadumu wiki kadhaa. Ukianza kunuka au kuota ukungu, tupa bila huruma.

Ile chumvi ndiyo inayozuia usiharibike haraka. Pia inaufanya uwe na ladha mbaya, na wengi hawaulambi mara ya pili. Lakini wa miezi 14 simtegemei kwa hilo, kwa sababu chumvi nyingi kiasi hicho haifai tumboni mwake. Mkubwa achezee mezani, mdogo akiwa amelala au amepakatwa. Kama mna mbwa, kiokote kila kipande sakafuni. Chumvi hiyo inaweza kumdhuru vibaya.

Na kwa vitu vyote vidogo ndani ya nyumba, tunza ule mrija wa kadibodi unaobaki karatasi ya chooni ikiisha. Kifungo, shanga, kifuniko, chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Mimi wangu ulining'inia mlangoni miaka yote.

Jambo la mwisho kuhusu udongo: usimfinyangie tembo. Ukifinyanga tembo mzuri, kazi yote iliyobaki itakuwa "nifanyie na mimi". Wewe viringisha kamba, ponda chapati, katakata, basi. Tembo wake atakuja, na atakuwa na miguu sita.

Mwanangu ana miaka minne na anahesabu hadi thelathini bila kukosea, wageni humpigia makofi. Jana nilimtuma vijiko vitano, akaleta konzi nzima. Ananichezea?
*Baba Thelathini*

Hakuchezei, baba. Alichokariri ni wimbo wenye maneno 30, na ameuimba vizuri. Kujua idadi ni safari nyingine, tena ya polepole. Mtoto huanza kwa kuielewa moja kwelikweli. Miezi inapita, anaielewa mbili, kisha tatu. Baadaye sana ndipo anapong'amua kwamba neno la mwisho alilotaja ndilo linalosema vyote viko vingapi.

Mwaka 1978 watafiti Rochel Gelman na C. R. Gallistel walizieleza kanuni za kuhesabu, na mimi mpaka leo naziona kila mtoto anapoinua kidole. Kila kitu kipewe neno moja, lisirudiwe wala kurukwa. Maneno yafuatane vilevile kila siku. Neno la mwisho libebe idadi yote. Kinachohesabiwa kinaweza kuwa chochote, na unaweza kuanzia popote. Mwanao kanuni ya pili anayo. Ya tatu bado. Mpime leo uone. Mwekee vifuniko vinne, avihesabu. Akimaliza, muulize, "Kwa hiyo vipo vingapi?" Akianza upya, "Kimoja, viwili...", basi kwake "vingapi" maana yake ni "niimbie tena".

Dawa yake ni kuandaa meza. Usitaje namba. Mwambie kila mtu awe na kijiko chake. Ataleta kimoja, arudi, alete kingine, safari nne kwa watu wanne. Usimwelekeze. Siku moja atasimama mbele ya droo, ataangalia mezani, atarudi na vinne mkononi. Nimeiona siku hiyo kwa watoto wengi na bado hunisisimua. Trei tupu ya mayai nayo inafaa, kila shimo lipate kifuniko kimoja. Dadu pia: anarusha, anachukua vifungo kama nukta alizoziona. Baada ya muda hatahesabu nukta tatu, atazitambua kwa jicho.

Tena Kiswahili kinampa mtoto mtihani ambao wazazi hatuuoni. Namba ni mbili, lakini vijiko ni viwili, watu ni wawili, mawe ni mawili. Halafu akifika sita na saba, hakuna kinachobadilika. Ndiyo maana nawasihi mhesabu vitu vyenyewe, mtoto asikie namba ikivaa kiambishi. Akisema "vijiko visita" msimcheke. Ameigundua kanuni akaitumia kupita kiasi, na hilo ni dalili ya akili.

Mjukuu wangu wa miaka minne hushikia mkasi mkono wa kushoto, karatasi inajikunja tu haikatiki. Nimhamishie kulia kabla hajazoea?
*Bibi*

Bibi mwenzangu, usimhamishe. Takriban mtu mmoja kati ya kumi hutumia kushoto, na mkono ule si tabia mbaya ya kurekebishwa. Kosa ni la mkasi. Mkasi wa kawaida umeundwa ili ukibanwa kwa mkono wa kulia, vidole visukume makali yagusane. Ukiubana kwa kushoto, nguvu hiyohiyo inayaachanisha, karatasi inaingia katikati na kulala. Tena makali ya juu yanamziba asione mstari. Tafuta mkasi wa kushoto uliogeuzwa makali yenyewe. Ipo mingine imegeuzwa mpini tu, hiyo haina msaada.

Mengine ni sawa kwa mikono yote. Mchore kijicho kwenye ukucha wa dole gumba, umwambie jicho litazame juu wakati wote. Mkono utajipanga wenyewe. Aanze kwa kukata kamba za ule udongo. Kisha mpe utepe wa kadi wenye upana wa kidole, unaokatika kwa pigo moja. Kadi ni rahisi kuliko karatasi nyepesi kwa sababu haipindi. Mstari mrefu ni baadaye, duara ni baadaye zaidi. Ncha za mkasi ziwe butu lakini makali yakate. Mkasi usiokata ndio unaofundisha watoto kuuchukia.

Na krayoni zivunjeni vipande vifupi. Kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi, kinadai vidole.

Kuna programu ya simu inayofundisha herufi. Nimwachie kwa muda gani?
*Mama Mwenye Haraka*

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa 1 ya skrini kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mimi ningeanza na herufi ya kwanza ya jina lake. Ikate kwenye msasa, uibandike kwenye kadi, apitishe kidole huku akitoa sauti yake. Mkiwa njiani pigeni makofi ya silabi: ki-ji-ko, matatu, m-to-to, matatu pia, usiisahau ile *m*. Mtoto husikia silabi kabla ya kusikia herufi mojamoja, na makofi hayahitaji chaji.

Kila mwanangu wa miaka mitatu akichora nampa stika. Sasa bila stika hachori. Na michoro imejaa mpaka chini ya kitanda, nikitupa analia.
*Mama Stika*

Uliyoyaona wewe yameshaonekana kwingine. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichagua watoto wa chekechea waliokuwa wakipenda kuchora. Kundi moja waliahidiwa cheti chenye utepe ikiwa watachora. Wakachora, wakapewa. Wiki moja au mbili baadaye, kalamu zilipowekwa mezani bila ahadi yoyote, watoto hao walichora kwa karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa, bila ahadi, hawakupoteza hamu. Mchoro ulikuwa raha, ahadi ikaufanya kibarua.

Acha stika ziishe, usizitangazie kifo. Keti mezani uchore wewe, tena vibaya. Akisogea, sema unachokiona: "Umezungusha nyekundu mpaka karatasi imechoka." Atakachochora huenda ni kichwa chenye miguu, bila tumbo wala shingo. Wa umri wake wengi huchora hivyo, usimwongezee shingo.

Ile michoro, tafuta boksi moja lenye jina lake. Mwisho wa mwezi mchague pamoja itakayobaki. Mingine iwe karatasi za kuchana na kubandika, hapo hatalia. Nyuma ya kila unaoutunza andika tarehe na maneno yake kama alivyoyasema. Mimi ninao mmoja mpaka leo: kichwa kikubwa, miguu miwili mirefu, mikono hakuna. Nyuma nimeandika aliyoniambia mchoraji: "Huyu ni Mwalimu. Mikono imebaki kwenye gundi."