Python au C++ kwa mhitimu wa hisabati aliyeko Tanga

Mdogo wangu, anza na Python. Umesema una digrii ya hisabati, uko nyumbani Tanga, unataka kazi ya kwanti, yaani mtu anayekokotoa bei na hatari za uwekezaji kwa programu, na unauliza uanze na lugha gani ya programu. Wenzako wamekuvuta huku na huku: mmoja C++, mwingine R. Wana hoja, ila hujafika huko. Pandas, maktaba ya Python ya kuchambua data utakayoishika kila siku, Wes McKinney aliianza mwaka 2008 akiwa AQR, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, kwa kazi hizi hizi.

Video za mafunzo usizimalize zote. Mimi nilijifunzia kwenye hati fungani, yaani hati ya kuikopesha serikali au kampuni kwa riba. Chukua ya miaka 2, kuponi (riba ya hati kwa mwaka) asilimia 10, inayolipwa nusu nusu kila miezi 6 kama zile za BoT, Benki Kuu ya Tanzania. Soko likidai riba ya asilimia 12 kwa mwaka, kila shilingi 100 ya hati hiyo ina thamani ya 96.53. Hilo ni mistari michache tu. Sasa geuza: umepewa bei, tafuta riba inayodaiwa na soko. Hapo programu inabidi ikisie, ipime, isogee, mpaka ikaribie. Ukiiandika bila kunakili, vitanzi (loops) na fanksheni umeshavielewa.

Halafu njoo kwenye hisa, maana huku ndiko watu wanakoanguka. Kusanya bei za Tanga Cement. Kiwanda kiko hapo Pongwe, na kampuni imo kwenye DSE, Soko la Hisa la Dar es Salaam, tangu 2002. Kokotoa bei inavyoyumba kwa siku. Utaona imetulia kama maji ya mtungini. Usishangilie. Siku ambayo hakuna aliyenunua, bei ya jana hurudiwa, badiliko linasoma sifuri, na sifuri zikirundikana programu inakwambia hakuna hatari, kumbe hakuna mnunuzi! Kwa hiyo tazama kwanza safu ya kiasi kilichouzwa. Ukizitoa siku tupu, kumbuka badiliko la baada ya pengo la siku tano si la siku moja. Mimi hupenda kutumia mabadiliko ya wiki. Mafunzo mengi ya mtandaoni hutumia hisa kubwa za Marekani, zinazouzwa mfululizo soko likiwa wazi, ndiyo maana tatizo hili hutalikuta humo. Nikimsaili mtu, namuuliza hili kabla ya lugha.

SQL, lugha ya kuchota data kwenye hifadhidata, jifunze pembeni, maana data za benki zimelala humo. R itakufaa ukielekea bima na takwimu. C++ ni ya anayelenga kampuni za London au Chicago zinazoshindana kwa sehemu ya milioni ya sekunde, na hiyo si kazi ya likizo moja. Jane Street, kampuni ya Marekani ya kununua na kuuza hisa na hati, wao wanatumia lugha iitwayo OCaml, na hawadai uje unaijua.

Hapa Bongo usitafute tangazo lililoandikwa kwanti, utazeeka. Tafuta idara ya hazina ya benki, usimamizi wa vihatarishi, mifuko ya hifadhi ya jamii, bima. Barua ya maombi iambatanishe na ile programu ya hati fungani.