Waya, nafasi na saa: kwa anayeanza kurusha Morse nje ya nyumba

Ukiwa Sinza au Kariakoo, redio ya masafa mafupi husikia taa za LED, chaja za simu na inveta ya jirani kuliko inavyoisikia dunia. Kipimo cha mawimbi kinakaa S7, yaani alama ya saba, kwa makelele matupu hata kabla hujapata kituo chochote. Ibebe redio hiyohiyo hadi ufukwe wa Bagamoyo au milima ya Lushoto, mbali na nguzo za umeme, uone kipimo kinavyolala. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutoka na redio ya ridhaa, yaani ya wanaowasiliana hewani kwa kupenda tu. Mandhari ni nyongeza tu.

Leseni kwanza. Kwa Tanzania utaipata TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa Kenya Mamlaka ya Mawasiliano, na nakala yake ikae mkobani kila safari. Wakati unaisubiri, fundisha masikio: zipo redio za kusikiliza kupitia intaneti, na tovuti ya lcwo.net inafundisha Morse bure. Ila usijifunze kwa chati ya nukta na vistari iliyobandikwa ukutani. Jifunze herufi kama mlio mmoja, kwa kasi ya maneno 18 au 20 kwa dakika, huku ukiacha nafasi ndefu kati ya herufi na herufi. Aliyezoea kuhesabu nukta hukwama kwenye maneno 10 kwa dakika, na kumtoa hapo ni kazi.

Swali ninaloulizwa zaidi na wanaoanza ni redio ya wati ngapi wanunue. Wati 5 zinatosha. Kutoka wati 100 hadi 5 unapoteza desibeli 13, yaani alama mbili na kidogo kwenye kipimo cha S, ambako kila alama huhesabiwa desibeli 6. Huyo wa upande wa pili bado anakusikia. Tena Morse inachukua upana wa hezi mia moja na kitu, wakati sauti inakula zaidi ya 2,000, kwa hiyo nguvu yako ndogo inakaa mahali pamoja badala ya kutawanyika. Pesa uliyotaka kuongeza kwenye redio, nunulia betri nzuri ya lithiamu aina ya LiFePO4. Kama utapanda ndege, betri isizidi wati-saa 100 na uipakie kwenye mzigo wa mkononi.

Mambo yote yako kwenye waya wa antena. Kwa bendi ya mita 20 (masafa ya megahezi 14), nusu wimbi ni kama mita 10.2. Kata waya wa mita 10.5, ufunge kwenye transfoma ya 49 kwa 1 inayoulinganisha waya na redio, halafu uwe unapunguza sentimita chache chache hadi SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena) ishuke. Usikate kwa pupa, maana waya ukishakatwa haurefuki. Namna ya kuupandisha ni mti na manati: jiwe dogo, mshipi wa kuvulia, kisha kamba nyembamba inafuata, kisha waya. Mkorosho una matawi mapana ila ni mfupi; mwembe mkubwa ni bora. Mnazi ni mrefu kweli, lakini mwenye akili haketi saa mbili chini ya mnazi.

Ufukweni mambo hubadilika. Maji ya chumvi ni rafiki mkubwa wa antena ya wima, kwa sababu mawimbi yanatoka yakiwa yamelala karibu na upeo wa macho, na hiyo ndiyo pembe ya kufika mbali. Chukua fimbo ya kuvulia ya faiba, si ya kaboni, maana kaboni inapitisha umeme. Pandisha nayo waya wa mita 5.1, na utandaze waya mbili za urefu huohuo juu ya mchanga. Kaa karibu na maji kadiri unavyoweza, lakini waulize wavuvi kuhusu bamvua. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na pale ulipoweka redio saa nne panaweza kuwa bahari saa kumi. Ukirudi nyumbani futa viunganishi vyote kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi. Chumvi haina huruma.

Sasa jambo ambalo vitabu vya wageni havitakuambia, kwa sababu wao hawaanzi na 5H. Alama ya wito, yaani jina la kituo hewani, ya Tanzania bara kwa kawaida huanza na 5H3. Iandike kwa Morse uone: nukta tano, kisha nukta nne, kisha nukta tatu na vistari viwili. Nukta kumi na mbili kabla ya kistari cha kwanza! Nukta nane mfululizo ndiyo ishara ya kusema nimekosea. Ukizibananisha 5 na H, msikilizaji wa Italia anadhani umefuta ulichotuma, anasubiri uanze upya, nawe unasubiri akujibu. Redio nyingi ndogo zina mtambo wa ndani unaosawazisha nukta na vistari, lakini pengo kati ya herufi na herufi ni la mkono wako. Kwa kasi ya maneno 12 kwa dakika, nukta moja ni sehemu ya kumi ya sekunde, na pengo la herufi ni nukta tatu. Kwa alama yetu lizidishe kidogo, hadi nukta nne au tano. Warusha Morse wa siku nyingi watanuna, lakini watakunakili sawasawa.

Kabla ya kuita, sikiliza vinara kwenye megahezi 14.100. Ni mtandao wa vituo 18 duniani vinavyopokezana kila baada ya sekunde 10, mzunguko mzima dakika 3. Kila kimoja hutuma alama yake na kistari cha wati 100, kisha vistari vya wati 10, wati 1 na wati 0.1. Ukiisikia OH2B ya Ufini mpaka kistari cha wati 1, basi wati 5 zako zina njia ya kwenda kaskazini. Ukisikia 4X6TU ya Israeli peke yake, na kwa shida, tandika mkeka unywe chai kwanza. Alasiri hadi jua kuzama mita 20 huwa tamu kuelekea Ulaya. Usiku mita 40 (megahezi 7) inafunguka, ila msimu wa masika ina makelele ya radi za mbali. Radi ikiwa ya karibu, usijadiliane nayo: chomoa waya na ushuke.

Ukipata nafasi karibu na 14.060, uliza QRL? (masafa haya yanatumika?) mara mbili, kisha ita CQ (wito kwa yeyote anayesikia). Hapo jiandae, kwa sababu 5H si alama ya kila siku na utakaribishwa na watu wengi kwa mpigo. Wataita pamoja, kwa kasi isiyo yako. Usijaribu kuwasikia wote. Shika herufi mbili tu za alama ya mmoja wao, tuseme IK, tuma IK? na ungoje. Akija mwingine asiye na IK, usimjibu hata kama anasikika vizuri kuliko wote. Ukimjibu mara moja tu, nidhamu imekwisha. Wakikimbia, tuma QRS (punguza kasi). Ukichoka tuma QRT (naacha kurusha) na ufunge, hakuna anayekudai.

Na watu wa mahali hapo je? Mtu aliyekaa kilimani na waya mtini na vifaa masikioni anatia shaka, na wana haki ya kuuliza. Pita kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, shikamoo mzee, mweleze unachofanya na umwonyeshe leseni. Watoto wakija, wape visikizio wasikie. Mara nyingi ndio watakaokushushia kamba iliyonasa.

Daftari la mawasiliano huandikwa kwa UTC (saa ya dunia), na sisi tunaosema saa kwa Kiswahili tuna bahati. Chukua saa ya mchana kama unavyoisema, ongeza tatu. Saa tatu asubuhi ni 0600, saa kumi jioni ni 1300. Usiku ongeza tatu na kumi na mbili: saa mbili usiku ni 1700. Angalia tarehe tu, kwa kuwa siku ya UTC inabadilika kwetu saa tisa usiku. Pakia daftari kwenye hifadhi za mtandaoni za Logbook of The World au Club Log usiku huohuo, kwa maana wale uliowajibu wataanza kulitafuta kabla hujafika nyumbani.