Potifolio ya dizaina: nilibaki na kazi 6, ndipo simu ikaita

Mkuu, umeuliza potifolio yako, yaani mkusanyo wa kazi za kuonesha wateja, uianzie Behance (mtandao wa madizaina kuonesha kazi zao) au ulipie tovuti yako, na uweke kazi gani wakati mteja hujapata hata mmoja. Nimepita humo humo, ngoja nikupe yaliyonikuta.

Nilikuwa kwenye duka la uchapaji Kariakoo, natengeneza kadi za harusi na mabango ya fleksi kwa CorelDRAW, programu ya kuchorea kwenye kompyuta. Nilipotaka kuhamia kampuni za matangazo nikapakia Behance kila nilichokuwa nacho, kazi kama 60 hivi. Nusu yake posta za mechi za Simba na Yanga, na nembo ya Nike niliyoibuni upya bila kuombwa na mtu. Miezi minne, kimya. Waliopita ni madizaina wenzangu, wanapenda kazi zangu ili na mimi nikapende zao.

Nikaja kuitwa usaili mahali. Mama mmoja, mkuu wa ubunifu, akafungua posta yangu akauliza, "Hapa wewe ulifanya nini?" Kusema kweli tulikuwa watatu, mimi nilipanga maandishi tu. Nikaanza kujiumauma. Kazi wakaninyima, na walikuwa na haki.

Usiku ule nilifuta karibu zote. Kati ya 6 zilizobaki, iliyonilipa ni lebo ya pilipili ya kusaga ya mama mmoja wa Temeke. Alikuwa anafungasha kwenye nailoni, ndani anatumbukiza kikaratasi cha fotokopi, na wateja walikuwa hawajui ipi kali ipi ya kawaida. Nikaweka picha ya kile kikaratasi, michoro mitatu ya kalamu, kisha lebo yenyewe. Nikaweka na aibu yangu: kijani niliyoichagua kwenye kioo cha kompyuta ilikuwa inawaka, ilipotoka mashineni ikawa kama mchicha uliolala. Nilifanya kazi kwa RGB, rangi za mwanga wa kioo, mashine inachapa kwa CMYK, rangi za wino. Nikaeleza nilivyobadili rangi na kuchapa nakala moja ya majaribio kabla ya mzigo wote. Mteja wangu mkubwa wa kwanza, anayepaki majani ya chai, alinipigia kwa sababu ya hiyo aya. Na yeye aliwahi kuunguzwa na rangi.

Kama huna mteja, nenda kwa mama lishe wa mtaani kwako, uliza kinachomsumbua, mtengenezee ubao wa bei. Akikubali uioneshe, weka. Ukibuni bidhaa ya kichwani mwako, andika wazi kwamba ni zoezi binafsi. Mokapu, zile picha za mfano unazobandika dizaini yako juu ya kikombe au fulana, zisizidi moja mbili, kila mtu anazo zile zile.

Kuhusu mahali: Behance ni bure na watu wa matangazo wanaijua, anzia hapo. Lakini mwenye duka Manzese hana habari nayo, atakwambia "nitumie WhatsApp". Kwa hiyo andaa PDF ya kurasa kumi, isizidi MB 5, na uitume kama dokumenti, maana ukituma kama picha WhatsApp inaibana hadi maandishi madogo yanafifia. Tovuti yenye anwani ya .co.tz nimelipia mwaka wa tatu, na faida niliyoiona zaidi ni barua pepe yenye jina la kazi. Ada yake ni ya kila mwaka, usikimbilie.

Picha zipunguze uzito kabla ya kupakia. Azima simu ya bei poa, tumia bando la kawaida, fungua ukurasa wako uone. Ukiona kiduara kinazunguka tu, jua mteja keshaondoka.

Halafu namba ya simu iwe ukurasa wa kwanza. PDF yangu ya kwanza ilizunguka kwenye magrupu haina namba wala barua pepe. Mtu mmoja alinitafuta wiki mbili, akanipata kupitia kwa fundi wa mashine wa pale dukani, na alikuwa keshampa kazi mwingine.