Ati kura na mkopo vyahusiana wapi?

SWALI: Shangazi shikamoo. Dada yangu yuko Leicester, Uingereza, mwaka wa pili sasa, muuguzi, mshahara waingia kila mwezi na hana deni la mtu, lakini alipotaka simu ya lipa mdogo mdogo akakataliwa, mwenzake kazini akamwambia ati ni kwa vile hajajiandikisha kupiga kura. Mie nikacheka. Kuna ukweli hapo ama anachezewa? Na mie huku Kenya nisipojiandikisha IEBC, tume ya uchaguzi, nitanyimwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa? Mama wawili, Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu. Usicheke, hakudanganywa. Uingereza anayetaka kukukopesha huuliza kwanza kampuni za rekodi za madeni, Experian, Equifax na TransUnion, na hizo zina nakala ya rejista ya wapiga kura. Umempigia nani hawajui na hawataki kujua, wanachotafuta ni jina lako na anwani yako vikiwa pamoja, wajue wewe ni mtu kweli na waishi pale usemapo. Huku kwetu ukiulizwa waishi wapi wasema shuka stegi, uliza kwa mama wa mahamri, na mtu afika. Kule kompyuta haina mama wa mahamri! Benki ikiwa na "fleti 3" na rejista ina "3A" yaweza kusema haikujui.

Na asidhani Mkenya haruhusiwi, hapo ndipo wengi wetu hujikosesha. Kenya iko Jumuiya ya Madola, na raia wa Madola mwenye kibali cha kuishi kule ajiandikisha na kura apiga, hata kama pasipoti yao hana. Ajaze kwa mtandao, namba yake ya National Insurance (bima ya taifa ya kule) iwe karibu, ni dakika chache tu. Kuna ile rejista ya wazi ambayo huuziwa yeyote, hiyo ajitoe (mie ningejitoa mbio), wakopeshaji hutazama ile kamili. Ila asingoje miujiza kesho yake, na kwa sasa asiombe mkopo huku na huku, maana kila ombi huacha alama. Tena mgeni bado hana historia ya kulipa, hiyo rejista haimpi.

Wewe huku usiwe na shaka, IEBC na Fuliza hawajuani. Yatazamwa laini yako na unavyolipa, ukikwama kulipa ni CRB, wale wa rekodi za madeni wa huku.

Hebu muulize, kwa fomu ya simu alijaza anwani ya sasa, ama ile ya kwanza alipofikia?